Kondoo wa Shukrani

Lesian alikaa miaka minne bila kazi ya maana, kisha akapata mbili katika wiki moja. Mtu aliyezoea kukosa akipewa viwili kwa mpigo huchanganyikiwa kuliko aliyekosa, naye hakuwa tofauti.

Kazi ya kwanza ilikuwa pale pale Olmotonyi, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwa mama yake, ukishuka na barabara ya vumbi na kukata kulia kabla ya kufika chuo cha misitu. Bwana Anande, Mchaga wa Machame mwenye duka la pembejeo mjini Arusha, alikuwa amefungua bustani ya miche ya parachichi na alitaka msimamizi. Miche elfu arobaini ndani ya viriba vyeusi, yote ya aina moja, yote ya kubebeshwa, yaani kuungwa kikonyo cha mti mwingine, kwa namna moja na kumwagiliwa kwa saa moja. Mshahara ulikuwa wa kueleweka, na chakula cha mchana mtu angekwenda kula kwao.

Kazi ya pili ilikuwa Mahale, kusini mwa Kigoma, mahali ambapo ukishashuka kwenye basi bado hujafika, maana barabara inakuishia na safari inaendelea kwa boti. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa ukihesabu miti ya msitu wa kule, mmoja mmoja, na ulitafuta mtu wa kuitaja majina.

Kuitaja miti majina ndicho kitu ambacho Lesian alikiweza kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye, na hapa hatiliwi chumvi hata punje. Alikuwa na cheti cha chuo cha misitu, lakini si cheti kilichomfundisha; alianza utotoni, akichunga mbuzi. Alikuwa akichanja gome kidogo kwa ncha ya kisu, akanusa, akatazama utomvu, akasubiri kuona kama unabadilika rangi, kisha akasema: huu mringaringa, huu msesewe, huu loliondo, huu mtarakwa. Hakukosea. Shida yake ni kwamba sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na mlima Meru ulikuwa umemwishia. Upande wote wa magharibi, kuanzia kwenye mashamba ya misindano hadi juu kwenye ukungu, hapakuwa na mti asioujua kwa harufu.

Watu wa mradi walimjaribu kwa simu. Walimtumia picha za magome na majani ya miti thelathini ya Mahale, naye akaitambua ishirini na minne kwa kuilinganisha na ndugu zake wa huku. Sita ilimshinda. Hiyo sita ndiyo iliyomnyima raha. Aliitazama kwenye kioo cha simu mpaka chaji ikaisha, akiitamani vile mtu anavyotamani chakula cha jirani alichosikia harufu yake tu. Hii ndiyo kazi aliyoiota tangu chuoni, na Jumatatu barua pepe ikaja: nafasi ni yako, mkataba ni wa miaka mitatu, tunahitaji jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni kwa kuwa kuna mtu wa pili anasubiri.

Nyumbani hakumwambia mtu.

Hapa inabidi nyumba yenyewe ieleweke. Lesian alikuwa kitinda mimba, na kwa Waarusha nyumba ya mama ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Wakubwa huondoka wakajenga kwao. Wa mwisho hubaki, humtunza mama, na siku mama akifa hurithi nyumba, zizi na kila kilichomo. Kaka yake Loserian alikwishajenga zamani huko Sombetini, ana ghala la mbao na kitambi cha kufanana nalo. Baba yao, mzee Aminieli, alizikwa miaka sita nyuma kando ya migomba. Waliobaki ni Lesian na mama yake Nanyori, ambaye watoto wake walimwita yeyo kama ilivyo kwao, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa. Goti la kulia la yeyo lilikuwa limeanza kuleta maneno, hasa msimu wa mvua.

Hakuna aliyewahi kumwambia Lesian abaki. Jambo lenyewe haliendi kwa kusemwa. Kitinda mimba hamwulizi mama yake kama anamhitaji, maana kuuliza ni sawa na kumwambia amemchoka na anatafuta ruhusa. Mama naye hamwambii aende, maana hapo atakuwa anamfukuza mtoto kwenye nyumba yake mwenyewe, na neno la namna hiyo likishatoka kinywani mwa mama hakuna sabuni ya kulitoa. Kwa hiyo wote wawili hunyamaza kwa adabu. Ni adabu nzuri, imetunza akina mama wengi, na mtu akitaka kuumia kwa sababu yake ataumia vizuri kabisa.

Jumanne Loserian akapanda kutoka Sombetini na pikapu yake, amejaa furaha ya mtu aliyefanikisha jambo la mwenzake. Yeye ndiye aliyezungumza na Anande. Walifahamiana kwa biashara.

"Dogo, mambo yamejipa," alisema kabla hata ya kuketi. "Unaanza Jumatatu ijayo. Msimamizi, siyo kibarua. Una watu kumi na wawili chini yako."

"Nimesikia, kaka. Asante."

"Asante tu? Mtu anapewa kazi mlangoni kwake, anaitikia kama amepewa chumvi!" Akamgeukia mama yao. "Yeyo, si umesikia? Hakuna kupanga chumba, hakuna nauli, ng'ombe wanakamuliwa na mtu yule yule. Jumapili tutoe shukrani kanisani."

Yeyo alikuwa akipepeta maharage. Alimtazama Lesian kwa muda, kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Tutatoa kondoo," alisema.

Shukrani ya kanisani si jambo la mzaha. Familia huitwa mbele ya usharika mzima, mmoja wao akashika kipaza sauti na kueleza Mungu amewatendea nini, watu wakapiga vigelegele, na baada ya ibada kondoo akapigwa mnada nje. Jambo likishashukuriwa hivyo, limekuwa. Wapo waliooana kwa sababu tu mama fulani aliwahi mno kushukuru. Lesian alilijua hilo, na aliposikia neno kondoo akahisi mlango mmoja unasukumwa taratibu nyuma yake.

Jumatano akaenda kwa Mwalimu Naftali. Mzee huyu alifundisha chuoni miaka ishirini na minane, akastaafu, akajenga karibu na lango kwa sababu hakutaka kukaa mbali na miti yake. Ndiye aliyepeleka jina la Lesian kwenye mradi. Alikuwa Mpare wa Mbaga, na Wapare, kwa wasiowajua, wanaweza kujadili jambo moja toka asubuhi hadi jioni bila kuona haya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeshawajibu?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Yeyo," Lesian alisema.

"Anaumwa?"

"Goti. Na ng'ombe, Mwalimu. Na nyumba. Mimi ndiye wa mwisho."

"Kwamba wewe ni wa mwisho najua, nimekufundisha. Nakuuliza yeye amesemaje."

"Hajasema kitu. Hajui."

Mwalimu akavua miwani. "Hujamwambia?"

"Jambo kama hili mama haulizwi. Nikimwuliza atasema nenda, hata kama hataki. Nitakuwa nimemlazimisha anitoe nyumbani kwa mdomo wake."

"Na usipomwuliza?"

"Nitajua mwenyewe la kufanya."

"Utajua mwenyewe," Mwalimu alirudia, kama anayesoma mwandiko mbaya. "Sisi kwetu tungeita kikao. Tungegombana wiki nzima, mtu mmoja angenuna, lakini mwisho wa yote kila mtu angejua mwenzake anataka nini. Nimekaa na ninyi zaidi ya miaka thelathini na bado siwaelewi. Utakunywa chai?"

Walikunywa chai. Mwalimu alikuwa amewahi kufika Mahale mara moja, bado kijana, na akaeleza juu ya mti mmoja wa kule ambao ukiuchanja gome hutoa harufu ya karanga mbichi, na utomvu wake huanza mweupe, ukageuka rangi ya chungwa wakati bado unautazama. Lesian aliuliza majani yake yamekaaje, na maua, na kama shina lina mbavu. Aliuliza mpaka chai ikapoa. Aliondoka pale moyo ukimwenda mbio, na mpaka anafika kwenye kona ya bustani ya Anande alikuwa ameshaamua: atawajibu ndiyo, usiku huo huo.

Alipoingia uani alimkuta yeyo anatoka zizini na ndoo ya maziwa, anakanyaga kwa mguu mmoja na kuuburuta mwingine. Alikimbia kumpokea. Yeyo akamwachia ndoo, akaegemea nguzo akishusha pumzi, wala hakulalamika. Usiku huo Lesian hakuandika kitu.

Alhamisi mvua ilinyesha. Yeyo alipeleka maziwa kwa Mwalimu Naftali kama kila Alhamisi, akachelewa kidogo kurudi, na aliporudi akasema tu kwamba njia inateleza. Ijumaa asubuhi alitoa nje sanduku la marehemu mzee, lile la bati, akalipangusa ndani na nje, akaliacha wazi juani. Lesian aliliona na kudhani ni habari za panya. Alikuwa na mambo yake kichwani.

Alasiri ya siku hiyo alishuka kwa Anande kuonyeshwa kazi. Wafanyakazi walimwita bosi kabla hajatenda chochote, wakamletea kiti. Alisimama chini ya wavu wa kivuli akatazama safu za miche, safu baada ya safu, kila mche umefungwa plastiki ndogo nyeupe pale ulipobebeshwa. Hapakuwa na kitu pale asichokijua. Hakuna mtu ambaye angemletea jani akamwuliza hili nini, naye akabaki anatumbua macho. Saa tisa na robo alitoa simu na kuandika: nawashukuru sana kwa nafasi, ila kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja. Akaisoma mara mbili, akaituma. Hazikupita dakika kumi wakamjibu kwamba wamepokea na wanamtakia heri.

Mwili ukawa mwepesi. Alijiambia ni wepesi wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Ulifanana mno na ule wa mtu aliyeponea chupuchupu, lakini hakuuchunguza. Jioni alikamua ng'ombe huku akiimba, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Jumapili kanisa lilijaa. Loserian alikuja na mkewe na watoto, amevaa koti la suti lililokataa kufunga vifungo. Binti yake mkubwa, Sabina, alikaa karibu na bibi yake. Lesian alipewa kazi ya kumshika kondoo, dume jeupe lenye kichwa cheusi, aliyekuwa ametulia kuliko wanafamilia wote. Baada ya mahubiri mzee wa kanisa akatangaza familia ya marehemu Aminieli isogee mbele na shukrani yao. Walijipanga. Loserian alinyoosha mkono kupokea kipaza sauti, maana kwa kawaida yeye ndiye msemaji, lakini yeyo alikuwa ameshakichukua.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," kanisa likajibu.

"Mnanijua, mimi si mtu wa maneno mengi. Mzee wangu alipofariki nilibaki na huyu." Alimwonyesha Lesian kwa kidevu bila kumtazama. "Huyu hajaniacha hata siku moja. Amekamua, amelima, amenipeleka hospitali. Mtoto akikutunza hivyo, unamwombea nini? Mimi nilikuwa naomba Mungu amfungulie njia. Sasa amemfungulia. Wamemwita Kigoma, mbali huko, kwenye msitu mkubwa, akawatajie miti majina. Watu wa mbali wamemwona. Sisi tuliokaa naye hapa tulidhani anacheza na magome."

Kanisa lilicheka. Loserian macho yalimtoka pima.

"Ndiyo nimeleta kondoo," yeyo aliendelea. "Simwambii mtu. Namwambia Mungu. Namwambia Mungu kwamba nyumbani siko peke yangu, mjukuu wangu Sabina amepata chuo hapa hapa Olmotonyi, atalala kwangu, na kukamua anajua. Goti langu Mungu analijua. Njia ya mtoto huyu aibariki, aende kwa amani. Ashe naleng, asante sana."

Akina mama wakapasua vigelegele, kwaya ikaingia na wimbo bila hata kuombwa. Kila Mwarusha aliyekuwa mle ndani alielewa kilichofanyika. Nanyori hakumwambia mwanawe aondoke, angemwambiaje? Alimwambia Mungu, na mtoto akawa amesimama karibu akasikia. Hakuna adabu iliyovunjwa. Lilikuwa jambo lililofikiriwa kwa akili nyingi, na lilikuwa limechelewa kwa siku mbili.

Lesian alibaki pale mbele ameshika kamba. Watu walipita wakitoa sadaka na kumpa mkono, mmoja baada ya mwingine, wakimwita mtu wa Kigoma. Alimwitikia kila mmoja. Alijisikia vibaya kama ambavyo hajawahi kujisikia, vibaya kuliko siku ya msiba, maana siku ya msiba kosa halikuwa lake.

Nje, kondoo alipokuwa akinadiwa, Loserian alimvuta pembeni.

"Kigoma? Kigoma ipi hiyo? Na Anande nitamwambia nini?"

"Mwambie Jumatatu nipo kazini."

Loserian alimtazama, akamtazama mama yao aliyezungukwa na wenzake wanampongeza, akaona heri akasimamie mnada.

Mwalimu Naftali alikuwa amesimama mbali kidogo na watu, amefurahi waziwazi. Lesian alimwendea na kumweleza yote kwa sentensi mbili. Furaha ikamtoka mzee usoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Alhamisi, alipoleta maziwa. Nilimwambia umeitwa na unasita. Aliuliza tu kama huko kuna baridi. Siku ya mwisho ya kuwajibu sikumtajia, Lesian. Nilidhani hiyo ni ya kwako kusema."

Pale pale akampigia kiongozi wa mradi, akasogea kwenye ukuta wa kanisa kukimbia kelele za mnada. Alizungumza kwa muda mfupi. Mtu wa pili alishakubali tangu jana asubuhi. Ni kijana wa Songea, na tiketi ya basi alikuwa ameshakata.

"Basi," Mwalimu alisema, akairudisha simu mfukoni.

Nyumbani walikula na wageni, wageni wakaondoka, Loserian akashuka na familia yake. Jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu yeyo alipochukua ndoo kwenda zizini, na Lesian akamfuata. Sanduku la bati lilikuwa barazani, limefungwa. Ndani yake, kumbe, alikuwa ameshamwekea blanketi na sweta mbili.

"Boti ni siku gani?" yeyo aliuliza. "Mwalimu anasema kuna boti."

"Yeyo, siendi. Niliwakatalia Ijumaa."

Alikuwa ameshainama chini ya ng'ombe. Aliendelea kukamua, lakini polepole.

"Ijumaa," alisema.

"Mchana, saa tisa. Nafasi wamempa mtu mwingine. Mwalimu amepiga simu leo."

"Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia sababu za kifamilia."

"Yaani mimi."

Ng'ombe alipiga mkia, yeyo akauzuia kwa kiwiko.

"Sabina ana nguvu kukushinda wewe," alisema. "Tangu mwezi uliopita najua atakuja kukaa hapa. Ungeniuliza."

"Lakini yeyo, jambo kama hilo unaulizwaje?"

"Haliulizwi," akakubali. "Hata mimi nisingekuambia. Ndiyo maana nilitafuta njia nyingine. Nililala siku tatu naitafuta hiyo njia, nikaipata, nikafurahi sana." Akahamia chuchu za nyuma. "Nilifurahi sana, baba."

Alimaliza kukamua, akasimama kwa kushika mgongo wa ng'ombe, akanyoosha goti. Lesian alitaka kuchukua ndoo, akamzuia kwa mkono.

"Niambie kitu kimoja, halafu sitauliza tena. Mimi nisingekuwepo. Nyumba hii isingekuwepo, ng'ombe wasingekuwepo. Ungekwenda?"

Lesian alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu kabisa. Akaiona ile miti sita, akajiona chini yake na kisu mkononi, watu wamesimama na madaftari wanamsubiri aseme, naye hajui. Yeye ambaye huku hajawahi kukosea. Akakumbuka alivyojisikia mwepesi pale chini ya wavu, na alivyoimba jioni ile. Akaufunga mdomo.

"Haya," yeyo alisema. Hakuwa amekasirika. "Hiyo ni ya kwako. Usiiweke kwenye goti langu."

Akaingia ndani na ndoo, mguu ukiburuzika, na safari hii hakutaka kusaidiwa.

Jumatatu Lesian alifika kazini saa moja kasoro. Kazi aliiweza, alikuwa msimamizi mzuri na Anande alimsifu. Sabina alihamia chumba cha nyuma, akachukua zamu ya kukamua ya asubuhi, na ikaonekana kweli kwamba nyumba ile ingeweza kwenda bila kitinda mimba wake. Loserian alisema hadharani kwamba mambo yameisha vizuri, kila mtu amepata anachotaka.

Taabu ilikuwa ni watu. Olmotonyi nzima ilikuwa kanisani siku ile, na wasiokuwepo walisimuliwa. Waliokuja kununua miche, waliopita na mizigo ya majani, mwenye duka, mwinjilisti, wote walimwuliza swali moja: unaondoka lini? Mwanzoni alisema mwezi ujao. Kisha akasema wanangoja mvua zipungue, halafu akasema kuna mambo ya vibali. Alidanganya vizuri, kwa utulivu, na kila uongo ulimfikia yeyo jioni kwa mdomo wa jirani. Yeyo aliitikia "ni kweli, anangoja," akaendelea na kazi zake. Hakuwahi kumsuta. Lesian angependa amsute.

Ilikwenda hivyo kwa wiki saba. Katika wiki ya nane alikuja bibi mmoja wa usharika, mzee sana, kajifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi, anataka miche mitatu ya kupanda kwa wajukuu. Lesian alimwamkia kama wanavyowaamkia bibi zao.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe bado upo! Kigoma unaondoka lini?"

Lesian alikuwa ameshika mpira wa maji. Aliufunga.

"Siendi, koko. Walinichukua, nikawakatalia mwenyewe. Niliogopa."

Wafanyakazi wawili waliokuwa karibu waliacha kujaza udongo. Bibi alimtazama kwa muda, macho yake yamefifia kwa uzee, akawa kama anayapanga maneno hayo mahali pake.

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Haya," alisema bibi. "Basi nichagulie mitatu iliyo mizuri."

Lesian akainama kwenye safu, akaanza kumchagulia.